Saa ya kale ya mfukoni: Utajuaje kama vipuri vyake ni vya asili?

Na Mwandishi Wetu, Lituhi

KATIKA nyumba nyingi za mwambao wa Ziwa Nyasa, sanduku la bati lililo chini ya kitanda ndilo benki, kabati la nyaraka na makumbusho ya ukoo. Humo hutunzwa vyeti vya ubatizo, picha za harusi na, mara chache, saa ya mfukoni yenye mnyororo ambayo haijasikika ikigonga kwa miaka mingi.

Saa ya namna hiyo ndiyo iliyomfikisha mwandishi wa makala haya Lituhi, katika Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, jirani na mahali Mto Ruhuhu unapomwaga maji yake ziwani. Iliachwa na marehemu babu mzaa mama, na mtunzaji wake sasa ni mjomba.

Mjomba alikuwa amepata mnunuzi. Mtu huyo, aliyezungumza naye kwa simu, alisema anatafuta "saa ya Mjerumani", akaahidi kiasi cha fedha ambacho kingetosha ada ya mwaka mzima ya binti wa familia anayesoma chuo. Sharti lake lilikuwa kwamba saa iwe kamili, isiwe ya kuungaunga, na akabidhiwe kwanza aende nayo Dar es Salaam kuipima.

Kabla ya kuitoa, mjomba alitaka kujibiwa maswali mawili: Je, saa hiyo kweli ni ya Mjerumani? Na je, vyote vilivyomo ndani yake ni vyake tangu ilipotengenezwa?

Maswali hayo yanaweza kujibiwa bila mitambo ya gharama. Kinachohitajika ni mwanga wa kutosha, kioo cha kukuzia, fundi saa mwenye mkono mwepesi na subira. Makala haya yanaeleza hatua za ukaguzi huo na kile kilichobainika Lituhi.

Kwa nini vipuri huchanganyika

Wengi hudhani saa ni kitu kimoja kilichotoka katika kiwanda kimoja. Kwa saa za mfukoni za karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mara nyingi sivyo. Saa ina sehemu kuu nne: kasha, yaani ganda la nje, uso wenye tarakimu, mishale, na mashine, ambayo ndiyo moyo wake. Kila sehemu iliweza kutoka kwa mtengenezaji tofauti.

Nchini Marekani, viwanda vikubwa kama Waltham na Elgin viliuza mashine nyingi bila makasha. Mteja alichagua mashine dukani, akachagua na kasha kwa kadiri ya mfuko wake, kisha muuzaji akaviunganisha mbele yake. Kwa hiyo, namba ya mashine ya Kimarekani kutofautiana na ile ya kasha lake ni jambo la kawaida, wala si dalili ya udanganyifu.

Barani Ulaya utaratibu ulikuwa mwingine. Saa nyingi za Uingereza na za Uswisi zilitoka zikiwa zimekamilika, na mara nyingi namba iliyopigwa kwenye mashine ilipigwa pia ndani ya kasha. Hapo namba mbili zinazotofautiana ni swali linalohitaji jibu.

Sababu nyingine ni matengenezo. Saa iliyodumu miaka 100 imepita kwa mafundi wengi, na fundi asiye na kipuri kipya alichukua cha saa iliyokufa. Biashara ya madini nayo ilichangia. Bei za dhahabu na fedha zilipopanda kwa kasi mwaka 1979 na mwanzoni mwa 1980, makasha mengi duniani yaliyeyushwa, na mashine zilizobaki yatima zikavishwa makasha mengine.

Wakusanyaji wa saa za kale huiita saa yenye mashine na kasha visivyozaliwa pamoja kuwa ni "ndoa". Ndoa yenyewe si kosa. Kosa ni kumficha mnunuzi kwamba ipo.

Hatua ya kwanza: Itazame kabla ya kuifungua

Ushahidi wa awali huonekana kwa macho. Tazama mahali kilipo kitufe cha kujazia saa, ukilinganisha na tarakimu ya 12 na kiduara kidogo cha sekunde.

Katika saa yenye uso wazi, kitufe kwa kawaida huwa juu ya 12, na kiduara cha sekunde huwa kwenye 6. Katika saa yenye kifuniko cha mbele, ile iliyopendwa na wawindaji na wapanda farasi, kitufe huwa upande wa 3. Ukikuta saa ya uso wazi ambayo kitufe chake kiko kwenye 3, kuna uwezekano mkubwa kwamba mashine ya saa ya kifuniko imehamishiwa katika kasha la uso wazi.

Angalia pia namna saa inavyojazwa. Saa za zamani zaidi hazikuwa na kitufe cha kujazia, bali zilitiwa ufunguo mdogo. Historia ya ukanda huu ina ushahidi wake. David Livingstone, aliyelifikia Ziwa Nyasa mwaka 1859 na kulirudia mwaka 1866 kwa njia ya bonde la Ruvuma, alikuwa na saa ya ufunguo. Alasiri ya Aprili 30, 1873, saa chache kabla ya kifo chake huko Chitambo, katika Zambia ya leo, alimwomba mtumishi wake Susi amshikie saa kwenye kiganja huku yeye akiuzungusha ufunguo polepole.

Kasha la saa ya ufunguo huwa na tundu la kupitishia ufunguo huo, mara nyingi katika kifuniko cha ndani. Kasha lenye tundu hilo likiwa na mashine inayojazwa kwa kitufe, ama kasha lisilo na tundu likiwa na mashine ya ufunguo, ni dalili kwamba viwili hivyo havikuanza maisha pamoja.

Mwisho, tafuta kibonyezo kidogo kando ya kitufe. Katika saa nyingi za Ulaya za miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mtumiaji alikibonyeza kwa ukucha ili aweze kurekebisha mishale. Kibonyezo kisichogusa chochote ndani ni sawa na kengele ya mlango iliyokatwa waya.

Saa ya Lituhi ilikuwa na uso wazi, kitufe juu ya 12 na kibonyezo upande wa kushoto. Kibonyezo kilibonyea vizuri, lakini mishale haikurekebishwa nacho. Ilirekebishwa kwa kuvuta kitufe. Hapo shaka ya kwanza ikaingia.

Alama ndani ya kasha

Kufungua kifuniko cha nyuma ni kazi ya fundi. Kisu cha jikoni huacha mikwaruzo isiyofutika na huweza kupinda bawaba. Saa ya Lituhi ilifunguliwa na fundi saa mjini Mbinga, kwa kifaa chenye ncha butu.

Ndani ya kifuniko ndimo zilimo alama za madini, na kila nchi ina zake. Saa ya fedha ya Uingereza huwa na alama ya simba anayetembea, alama ya mji ilikopimwa, kama nanga kwa Birmingham, na herufi inayoonyesha mwaka. Kwa herufi hiyo umri wa kasha hupatikana kwa uhakika.

Uswisi, kwa sheria ya mwaka 1880, ilitumia ndege wa porini kwa fedha yenye usafi wa 0.800 na dubu kwa fedha ya 0.875. Ujerumani, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1884 na kuanza kutumika mwaka 1888, ilitumia taji na mwezi mwandamo kwa fedha, na taji ndani ya jua kwa dhahabu.

Hapa ndipo wengi hupotea. Taji na mwezi havithibitishi kwamba saa ilitengenezwa Ujerumani. Uswisi iliuza saa nyingi sana katika soko la Ujerumani, na makasha yake yalipigwa alama za Kijerumani ili yakubalike huko. Kasha lenye taji, mwezi, namba 0.800 na yule ndege ni kasha la Uswisi lililolengwa kwa mnunuzi wa Ujerumani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa saa ya babu. Alama zote nne zilikuwemo, na namba ya kasha ilikuwa ileile katika kifuniko cha nyuma na kile cha ndani. Maana yake ni kwamba vifuniko hivyo ni ndugu wa tumbo moja, kasha ni la fedha halisi, na halikutengenezwa kabla ya miaka ya 1880.

Makovu ya skrubu

Mashine hushikiliwa ndani ya kasha kwa skrubu mbili au zaidi. Vichwa vyake vinapokazwa hukandamiza ukingo wa kasha na kuacha makovu madogo. Kasha likipewa mashine nyingine ambayo skrubu zake ziko mahali pengine, makovu mapya hutokea na ya zamani hubaki.

Kwa hiyo, legeza skrubu, itoe mashine, kisha uzungushe ukingo wa kasha chini ya mwanga. Makovu yaliyo mahali pasipo na skrubu ni ushahidi mzito kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Ukikuta pia pete ya shaba, karatasi au uzi uliowekwa kuzuia mashine isichezecheze, elewa kwamba mashine hiyo ni ndogo kuliko ile iliyokusudiwa kwa kasha hilo.

Katika saa ya Lituhi makovu yalikuwa manne, ilhali skrubu zilikuwa mbili. Mawili yalikuwa yamefifia na kuingiwa na uchafu mweusi wa miaka mingi.

Uso na mishale

Uso wa saa ya kale kwa kawaida ni bamba la shaba lililopakwa enameli. Nyuma yake kuna miguu midogo ya shaba inayoingia katika matundu ya mashine. Kila aina ya mashine ina matundu mahali pake, hivyo uso wa mashine moja mara nyingi haukai juu ya nyingine. Fundi anayelazimisha hukata miguu na kuugandisha uso kwa gundi.

Tazama kama tundu la katikati limelingana sawasawa na mhimili wa mishale, na kama kiduara cha sekunde kina mhimili wake chini. Jina lililoandikwa usoni nalo lisikubabaishe. Mara nyingi ni jina la duka lililouza saa, si la kiwanda kilichoitengeneza.

Mishale ina kanuni yake pia. Mshale wa dakika hufika kwenye mistari ya dakika, na wa saa huishia karibu na ukingo wa ndani wa tarakimu. Yote miwili huwa ya mtindo mmoja na rangi moja. Ile ya buluu ni chuma kilichochomwa polepole hadi takriban nyuzi 300 za Selsiasi. Mmoja ukiwa wa buluu iliyochomwa na mwingine umepakwa rangi, mmoja umebadilishwa.

Tahadhari: Saa zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1910 hadi ya 1960 zenye tarakimu au mishale ya kung'aa gizani huenda zimepakwa radiamu, madini yenye mionzi ambayo hupungua kwa nusu tu katika miaka 1,600. Rangi hiyo inaweza kuwa imeacha kung'aa lakini mionzi ingalipo. Usiikwangue wala kuipuliza.

Uso wa saa ya babu ulikuwa mzuri, mweupe, wenye tarakimu za Kirumi na kiduara cha sekunde kwenye 6. Lakini kiduara hicho hakikuwa na mshale, na chini ya tundu lake hapakuwa na mhimili wowote. Fundi alipouinua, miguu yote ilikuwa imekatwa na mabaki ya gundi yalionekana.

Mashine yenyewe

Katika mashine, anza na namba. Kwa saa za Waltham na Elgin, namba huonyesha takriban mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa orodha za viwanda hivyo zimehifadhiwa na zinapatikana kwenye intaneti. Vibamba vya juu vinavyoshikilia magurudumu mara nyingi vimepigwa namba hiyohiyo, au tarakimu zake za mwisho, upande wa chini. Kibamba chenye namba nyingine kimetoka katika saa nyingine.

Pasipo namba, tumia macho. Vibamba vya mashine moja huwa na rangi moja na mng'aro mmoja. Kama kuna mistari ya mapambo, mara nyingi huvuka kutoka kibamba kimoja hadi kingine bila kukatika. Kibamba cha rangi ya dhahabu katikati ya vyenzake vya rangi ya fedha ni mgeni.

Sehemu inayobadilishwa sana ni gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huko, kwa kuwa mhimili wake mwembamba huvunjika saa inapoanguka. Gurudumu la mizani na utepe wake mwembamba wa chuma hupimwa pamoja kiwandani, katika saa nyingi ili zigonge mara 18,000 kwa saa. Ukiazima gurudumu bila utepe wake, saa hukimbia au huchelewa mno. Dalili yake ni kijishale cha kurekebishia mwendo kilichosukumwa hadi mwisho wa mstari.

Mashine ya Lituhi haikuwa na namba. Haikuwa na kito hata kimoja mahali ambapo saa ya hadhi ya kasha lile ingekuwa na rubi. Badala yake ilikuwa na vijiti vya chuma. Kamani yake ilikuwa ndani ya ngoma pana kupita kiasi. Fundi aliitambua mara moja: ni mashine ya aina ya Roskopf.

Aina hiyo ina historia ya kuvutia. Georges Frédéric Roskopf, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Uswisi, aliiingiza sokoni mwaka 1867 akitaka mfanyakazi wa kawaida naye amiliki saa ya kuaminika kwa faranga 20. Alipunguza sehemu zake hadi 57. Viwanda vingine viliiga kwa miongo mingi. Mashine nyingi za namna hiyo hazikuwa na mshale wa sekunde, na kwa kawaida zilivishwa makasha ya nikeli, si ya fedha.

Jibu la Lituhi

Ushahidi ukiwekwa pamoja unaeleweka. Kasha na uso yaelekea vilizaliwa pamoja, vikiwa na mashine bora iliyorekebishwa kwa kibonyezo na iliyokuwa na mshale wa sekunde. Mashine hiyo ilikufa au iliuzwa. Fundi ambaye hatutamjua alitia mashine ya Roskopf, akakata miguu ya uso wa awali na kuugandisha juu yake, ili mwenye saa aendelee kuiona sura aliyoizoea.

Je, ni ya Mjerumani? Kasha lililengwa kwa soko la Ujerumani, lakini hilo halisemi lilivaliwa na nani. Wajerumani walikuwapo katika mwambao huu. Meli yao Hermann von Wissmann ilishambuliwa na Waingereza Agosti 1914 huko Liuli, iliyoitwa Sphinxhafen wakati huo. Wamisionari Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898. Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Wajerumani waliondolewa, na Gallus Steiger, aliyeiongoza Peramiho kwa miaka mingi baadaye, alikuwa Mswisi. Vilevile, kabla ya Uhuru, vijana wengi wa kusini walikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na walirudi na baiskeli, mablanketi na saa. Njia za saa kufika Lituhi ni nyingi, na alama za kasha hazichagui mojawapo.

Kabla hujauza

Kwa wanaomiliki saa za namna hii, mambo manne ni ya kuzingatia. Kwanza, usimkabidhi mtu saa "akaipime" mbali na macho yako. Ukaguzi unaweza kufanyika ukiwa umeketi mbele ya fundi.

Pili, piga picha za kila namba, alama na kovu. Picha hizo ndizo hati ya saa yako, na zinatosha kuombea ushauri hata kabla ya saa kutoka nyumbani.

Tatu, usiisugue kwa dawa ya meno wala majivu, kwa maana alama za kasha hufutika. Usitupe hata kipuri kibovu.

Nne, ukiamini kwamba kitu chako kina uzito wa kihistoria, tafuta ushauri wa Makumbusho ya Taifa, ambayo ina tawi mjini Songea, Makumbusho ya Majimaji. Ikumbukwe kuwa usafirishaji wa mambo ya kale nje ya nchi unasimamiwa na sheria ya tangu mwaka 1964.

Mjomba alimpigia simu mnunuzi na kumweleza ukweli wote: kasha la fedha la Uswisi, uso wa asili, mashine ya kuazima. Mnunuzi alikata simu na hajapiga tena. Ada ya binti bado inatafutwa. Saa imerudi katika sanduku la bati, ikiwa na karatasi yenye maelezo ya kila kilichomo ndani yake, ili atakayeirithi asiuziwe hadithi, wala yeye asimuuzie mwingine.